Marejeo Yasiyo na Kitabu: Akili Bandia na Uaminifu wa Utafiti

Marejeo katika kazi ya kitaalamu si pambo. Mwandishi anapotaja jina, mwaka na ukurasa, humfungulia msomaji njia ya kwenda kukagua mwenyewe kama jambo lilisemwa kweli, na kama lilisemwa kwa maana ile. Tangu programu za akili bandia kama ChatGPT zilipoenea mwishoni mwa mwaka 2022, imezuka aina mpya ya marejeo: yana jina, mwaka, jarida na kurasa, lakini maandishi yenyewe hayajawahi kuwapo.

Chanzo ni namna programu hizo zinavyofanya kazi. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno hata zikajua neno lipi huelekea kufuata lipi. Zisipounganishwa na hazina ya vitabu, zikiombwa marejeo hazifungui kabati lolote; huyatunga kama zinavyotunga sentensi nyingine. Ndiyo maana uongo wake una sura ya ukweli. Mara nyingi mtaalamu aliyetajwa ni mtu halisi, jarida pia ni halisi, ila makala hayo hakuyaandika.

Mwaka 2023, William H. Walters na Esther Isabelle Wilder walichapisha katika jarida la Scientific Reports uchunguzi wa marejeo 636 yaliyotolewa na programu hiyo. Kwa GPT-3.5, asilimia 55 yalikuwa ya kubuni. Kwa GPT-4 iliyoifuata, asilimia 18. Hata miongoni mwa yale ya kweli, mengi yalikuwa na makosa makubwa. Mwaka huohuo mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zisizokuwapo. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu yenyewe kama kesi ile ni ya kweli, nayo ikajibu kuwa ndiyo. Kumwuliza shahidi mwongo kama anasema kweli si ukaguzi.

Hata hivyo mashine isibebeshwe lawama yote. Desturi ya kunakili tanbihi za kitabu cha mwingine, bila kuvifungua vitabu vilivyotajwa humo, ni ya zamani katika vyuo. Mwanafunzi anayeorodhesha kitabu katika bibliografia anatangaza kwamba amekisoma. Kama hakukisoma, tangazo hilo ni la uongo hata kitabu kikiwapo. Programu imelifanya kosa hilo la kale lionekane waziwazi.

Kwa taaluma ya Kiswahili nchini Kongo shida ina upande wa pili. Sehemu kubwa ya kazi zake haimo katika intaneti: ni tasnifu zilizopigwa taipu, kanda za sauti, vijitabu vilivyopita mikono michache. Mkaguzi asiyeona jina katika intaneti hawezi kusema mara moja kwamba limebuniwa, na mdanganyifu anaweza kujificha katika giza hilohilo. Mfano mzuri ni Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. André Yav aliiandika mwaka 1965 kwa jina la watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, katika Kiswahili cha Katanga. Ilikuwa maandishi ya kimaskini, ambayo pengine yangepotea. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliyatoa upya pamoja na tafsiri na maelezo, na tangu hapo yeyote anayeshuku tafsiri yake anaweza kuilinganisha na maneno ya Yav mwenyewe.

Kwa hiyo msimamizi wa tasnifu hatosheki na orodha iliyopangwa vizuri. Humwomba mwanafunzi alete marejeo matatu au manne aliyoyachagua msimamizi, kitabu kikiwa mkononi au nakala ya ukurasa, aeleze kinachosemwa humo. Kazi isiyochapishwa hutajwa pamoja na maktaba au idara inamohifadhiwa. Masimulizi ya mdomo, pamoja na siku na mahali yaliporekodiwa, na mahali kanda ilipo.