Amri ya Nane Baada ya Shambulio: Fundisho kutoka Sri Lanka

Dominika ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2019, waamini nchini Sri Lanka walikuwa katika Adhimisho la Misa Takatifu mabomu yalipolipuka katika Kanisa la Mtakatifu Anthoni, jijini Colombo, na Kanisa la Mtakatifu Sebastiani, huko Negombo. Kanisa la Kiinjili mjini Batticaloa lilishambuliwa pia, pamoja na hoteli za Colombo. Watu zaidi ya 260 walipoteza maisha.

Siku hiyohiyo Serikali ilifunga mitandao ya kijamii, ikiwemo Facebook na WhatsApp, ili kuzuia uvumi. Hata hivyo, taarifa rasmi zenyewe hazikukosa kasoro. Idadi ya marehemu iliyotangazwa kuwa 359 ilishushwa hadi takribani 253 baada ya miili kuchunguzwa upya. Tarehe 25 Aprili, polisi walitoa picha za watuhumiwa, na mojawapo ilikuwa ya mwanamke asiyehusika kabisa. Waliomba radhi, lakini picha ilikwisha kusambaa, naye akatishiwa kuuawa. Ikiwa wachunguzi wenye mamlaka na nyenzo waliweza kukosea hivyo, sembuse sisi wenye simu tu mkononi?

Mwezi Mei, mabishano yaliyoanzia kwenye ujumbe mmoja wa Facebook mjini Chilaw yaligeuka kuwa ghasia dhidi ya Waislamu. Misikiti na maduka yakashambuliwa, vurugu zikaenea katika miji mingine, na mtu mmoja akauawa. Kosa la wachache likatwishwa jamii nzima.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kufafanua amri ya nane (2477), hutaja makosa matatu dhidi ya heshima ya mtu. La kwanza ni kumhukumu jirani moyoni bila msingi wa kutosha. La pili ni kufichua kasoro zake bila sababu ya haki. La tatu ni kumsingizia uongo. Anayesambaza picha ya "gaidi" asiyemjua huanza na kosa la kwanza na kuishia katika la tatu. Uchungu wake ni wa kweli, lakini haumpi ruhusa ya kumsulubisha asiye na hatia.

Je, Mkristo anyamaze? La hasha. Kardinali Malcolm Ranjith, Askofu Mkuu wa Colombo, aliwasihi waamini wasilipize kisasi. Wakati huohuo alidai kwa miaka mingi uchunguzi wa kweli na ulio wazi. Mwezi Januari 2023, Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba viongozi, akiwemo Rais wa wakati huo, Maithripala Sirisena, walishindwa kuzuia shambulio licha ya tahadhari zilizotolewa mapema. Yeye aliamriwa kulipa fidia ya rupia milioni 100. Kudai ukweli ni wajibu. Kuutangaza kabla haujajulikana ni jambo jingine kabisa.

Hata sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jeraha hili. Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, nchini Kenya. Kabla ya kusambaza ujumbe baada ya msiba kama huo, mwamini ajiulize: Chanzo chake ni nani? Nimehakikisha? Ukiwa si kweli, nani ataumia?

Na aliyekwisha kusambaza uongo afanye nini? Katekisimu (2487) inafundisha kwamba kosa dhidi ya ukweli linadai malipizi, hata kama mkosaji amesamehewa. Basi, baada ya kitubio, arudi katika kundi lilelile alikotuma ujumbe, akiri kosa waziwazi, na kurudisha, kadiri awezavyo, jina jema alilolichafua. Marehemu wetu wanastahili haki, nayo haki haijengwi juu ya uongo.