Wazazi na Mtihani wa Darasa la Saba



Likizo iliyopita, kwenye jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwetu, sala iliisha mapema na mazungumzo yakaendelea. Mama mmoja alilalamika kwamba mwanawe wa darasa la saba hana tena Jumamosi. Asubuhi yote yuko kwenye masomo ya ziada, na mafundisho ya Kipaimara yamempita. Baba mmoja akamjibu, "Mwache asome, mama. Sisi tusio na ada za shule binafsi tuna mlango huo mmoja tu."

Wote wawili walizungumzia mtihani uleule wa Baraza la Mitihani: masomo sita, kila somo alama 50, siku mbili za mwezi Septemba. Mbona hawakuelewana?

Nadhani (walimu wetu wa mantiki watanisahihisha) ni kwa sababu mtihani huu una kazi mbili. Ya kwanza ni kuchuja. Sekondari zilipokuwa chache, mtoto aliweza kufaulu na bado akakosa nafasi. Shule za kata zilipanua mlango miaka ya 2000, lakini wazazi wengi walipita kwenye chujio lile la zamani, na hofu yake wanayo bado. Kazi ya pili ni kupima kama shule imefundisha. Hapo anayeulizwa ni shule zaidi kuliko mtoto.

Yule baba anatetea haki: karatasi ni moja kwa mtoto wa mkulima na wa mkurugenzi, na msahihishaji huona namba, haoni jina. Hoja hiyo si ndogo. Mama naye anauliza mtoto anabakiwa na nini baada ya kukaririshwa majibu mwaka mzima.

Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora. Wapo wazazi waliofurahi, na wapo waliouliza watajuaje shule nzuri. Hata seminari zetu zilizoea kutajwa kwenye orodha zile, ingawa sisi huchagua wanafunzi kwanza, wakati shule ya kata hupokea yeyote anayepangiwa. Sifa ile haikuwa yetu yote.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu, unawaita wazazi walezi wa kwanza wa watoto wao. Nililisema hilo jioni ile. Yule mama akaniuliza: kama ni hivyo, mbona ratiba ya Jumamosi ilipangwa bila yeye kuulizwa? Sikuwa na jibu. Baba yule ndiye aliyesema watakwenda pamoja kwenye kikao cha wazazi.