Umepigwa tochi: faini inalipwaje?

Hapa Tanzania, kibao cha 50 kikisimama mwanzo wa kijiji, mwendo ni huo hadi ukutane na kibao kinachoufuta. Wengi hunaswa katikati, nyumba zimekwisha, barabara imenyooka.

Faini ya gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Tunasisitiza: usimpe askari fedha mkononi. Omba namba ya kumbukumbu, ulipe kwa simu au benki ndani ya siku 7. Zikipita, deni huongezeka kwa asilimia 25. Ukiona umeonewa, unaweza kukana kosa na kwenda mahakamani.

Deni huandikwa kwenye namba ya chombo. Unaponunua gari au pikipiki iliyotumika, kagua kwanza namba hiyo kwenye mfumo wa polisi, usije ukalipia tochi za mwenzako.