Kichwa cha Treni Kinachojua Namba Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim



Katika makala hii tunaeleza jambo ambalo wengi huliona kuwa ni mchezo wa watoto tu, nalo ni treni ndogo za mfano zinazoendeshwa kwa umeme. Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima wanaotumia miaka mingi kujenga reli za namna hii majumbani mwao, pamoja na stesheni, madaraja na mahandaki yake. Kipimo kinachopendwa sana huitwa HO, ambapo treni halisi hupunguzwa mara 87. Hatukuichagua mada hii kwa ajili ya mchezo. Ndani ya kichwa cha treni hiyo mna kifaa kidogo kiitwacho dekoda, na katika kazi yake mna somo la hesabu, la umeme na la tabia njema.

Tatizo lilikuwa nini?

Zamani treni hizi ziliendeshwa kwa njia nyepesi. Umeme wa volti zisizozidi 12 hivi ulipitishwa kwenye reli mbili, magurudumu yakauchukua na kuupeleka kwenye mota. Ukiongeza umeme, treni inakwenda mbio. Ukiupunguza, inakwenda polepole. Ukiugeuza, inarudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba vichwa vyote vilivyo juu ya reli hiyo vilitembea pamoja. Aliyetaka kimoja kisimame na kingine kiende alilazimika kuikata reli vipande vipande na kuweka swichi nyingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilitengeneza njia nyingine. Baadaye chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kiliichukua njia hiyo na mwaka 1994 kikaifanya kuwa kanuni ya wote. Njia hiyo hujulikana kwa herufi DCC. Kwa kuwa kanuni ni moja, dekoda ya kiwanda kimoja huelewa amri za mtambo wa kiwanda kingine.

Amri inasafirije?

Katika njia hii reli hupewa umeme kamili wakati wote, na ndani ya umeme huo huo hupita ujumbe. Mtambo wa amri huugeuza umeme upande huu na upande huu kwa haraka sana. Kila upande ukidumu sehemu 58 za milioni za sekunde, hiyo ni tarakimu 1. Ukidumu sehemu 100 au zaidi, hiyo ni tarakimu 0. Kwa tarakimu hizi mbili tu huandikwa kila amri: nenda, simama, rudi, washa taa.

Ujumbe mmoja mfupi una sehemu tatu zenye tarakimu nane nane. Ya kwanza ni namba ya kichwa cha treni. Ya pili ni amri yenyewe. Ya tatu ni ya kuhakikisha. Tutoe mfano:

Namba 3: 00000011
Amri ya kwenda mbele: 01110100
Uhakiki: 01110111

Mwanafunzi atazame safu moja baada ya nyingine. Tarakimu mbili za juu zikifanana, chini huandikwa 0. Zikitofautiana, huandikwa 1. Dekoda ikipokea ujumbe huifanya hesabu hii upya. Jawabu likilingana, hutii. Lisipolingana, hujua kuwa ujumbe umeharibika njiani, pengine kwa vumbi la reli, na huutupa. Haibahatishi, wala haifanyi nusu ya amri. Hungoja ujumbe urudiwe, na mtambo huurudia mara kwa mara.

Vichwa vyote vilivyo juu ya reli husikia kila ujumbe, lakini kila kimoja hufuata ule wenye namba yake tu.

Kuipanga dekoda

Dekoda ina kumbukumbu ndogo ndogo zenye namba, ziitwazo CV. Tuzifananishe na droo za kabati: kila droo ina namba yake, na ndani yake huwekwa thamani moja kuanzia 0 hadi 255. Kuipanga dekoda ni kubadilisha thamani zilizomo katika droo hizo.

CV 1 ni namba ya kichwa. Dekoda mpya hutoka kiwandani ikiwa na namba 3. Ukinunua vichwa viwili vipya na usivipange, vyote viwili vitaitika ukiita 3.
CV 2 ni umeme wa kuanzia mwendo.
CV 3 ni kasi ya kuongeza mwendo. Thamani 10 hukifanya kichwa kichukue kama sekunde 9 kutoka kusimama hadi kufikia mwendo wa juu, kama treni nzito ya kweli.
CV 4 ni ya kupunguza mwendo kwa namna hiyo hiyo.
CV 5 ni mwendo wa juu. Thamani ya karibu 128 huupunguza kuwa kama nusu.
CV 29 hukusanya mambo kadhaa kwa kujumlisha: 1 hugeuza mbele kuwa nyuma, 2 huruhusu ngazi nyingi za mwendo, 4 huruhusu kutumika kwenye reli za zamani, 32 huamuru namba ndefu itumike. Dekoda nyingi huanza na 6, yaani 2 na 4.

Tuseme kichwa kimechorwa namba 1234 ubavuni, nasi tunataka kiitike kwa namba hiyo. Droo moja haitoshi, kwa hiyo hutumika mbili. Gawa 1234 kwa 256: unapata 4, na baki ni 210. Jumlisha 192 na 4, upate 196, uiweke katika CV 17. Weka 210 katika CV 18. Kisha CV 29 iliyokuwa 6 iongezwe 32, iwe 38. Hesabu ya darasani imefanya kazi.

Tahadhari ya reli ya kupangia

Kazi hii hufanywa juu ya kipande cha reli kilichotengwa, chenye umeme mdogo. Sababu ni mbili. Kwanza, ikiwa waya umeunganishwa vibaya, umeme mdogo huinusuru dekoda isiungue. Pili, amri za kupanga zinazotumika hapo hazitaji namba. Kila dekoda iliyopo huzipokea. Aliyeacha vichwa vitano juu ya reli hiyo atavikuta vyote vina namba moja, na itambidi aanze upya na kila kimoja. Ipo pia njia ya kupanga juu ya reli kuu, lakini hapo ni lazima utaje namba ya unayemsemesha.

Mtambo huwezaje kujua kilichomo ndani ya droo? Huuliza: "Je, tarakimu hii ni 1?" Ikiwa ni kweli, dekoda huitikisa mota kwa muda mfupi sana, kama sehemu 6 za elfu za sekunde. Umeme unaotumika hupanda kidogo, na mtambo hulitambua jibu. Ikiwa si kweli, hukaa kimya. Lakini gurudumu chafu nalo huleta kimya, na kimya hicho hakina maana ya "si kweli". Kwa hiyo mwishoni mtambo huitaja thamani yote na kuuliza tena kama ndiyo. Mwenye busara husafisha magurudumu kwanza, kisha ndipo anauliza.

Tunajifunza nini?

Ndugu zetu wanafunzi, dekoda haina akili wala roho. Walioitengeneza walitambua kuwa kuufuata ujumbe ulioharibika kuna madhara kuliko kungoja, wakaiwekea hesabu ya uhakiki. Sisi Waislamu tumefunzwa jambo hili zamani: katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Leo simu zetu hutuletea habari usiku na mchana. Nyingine zimepunguzwa, nyingine zimeongezwa chumvi, nasi tunazipeleka mbele kabla hata hatujazisoma hadi mwisho. Katika familia zetu, neno moja lililofika limepinda limeshatenganisha ndugu.

Basi kijana akipokea neno juu ya mwenzake, na aulize: limetoka kwa nani, limefika kamili, na je, linanihusu mimi? Likikosa uhakika, alitupe. Na akiulizwa kisha akaona mwenzake amenyamaza, asiharakishe kukifanya kimya hicho kuwa jibu. Na aulize tena kwa upole.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaohakikisha kabla ya kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq.