Kikombe cha Dawa Kwenye Sahani ya Muthokoi

Nilidhani anakunywa dawa ya kikohozi.

Tulikuwa kwenye ntheo, ile sherehe ya ndoa ya Wakamba ya kupokea mbuzi, upande wa Kathonzweni, Makueni. Mbuzi walikuwa wamepokelewa, wazee wameridhika, na sahani zilikuwa zikitoka jikoni mfululizo. Mama aliyeketi kushotoni mwangu alipewa yake: muthokoi umepanda mlima, mbaazi zinang'aa kwa mafuta, juu yake vipande viwili vya nyama ya mbuzi. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akaiweka mapajani, akafungua kiondo chake, akatoa kile kikombe cha plastiki kinachokuja na chupa ya dawa ya maji, chenye mistari ya mililita ubavuni, pamoja na kijiko cha chai. Akakijaza kikombe muthokoi, na kuanzia hapo ile sahani kubwa ikawa kama haipo. Alitia nusu kijiko kinywani, akakilaza kijiko, akakunja mikono, akatafuna. Nilihesabu kwa kuiba. Nilifika ishirini na nane kabla hajameza.

Mimi nilimaliza sahani yangu, nikaongezwa, nikaimaliza na ya pili. Kikombe chake kilikuwa hakijafika nusu.

Mwenyeji alipita, akaona, akasimama. "Dada, chakula chetu kimekukosea nini?"

"Hakina kosa lolote, mama. Ni mimi tu mpole wa kula."

Jibu hilo halikumridhisha mwenyeji, na kusema kweli halikuniridhisha mimi pia. Jioni, tulipokuwa tukisubiri gari la kurudi Wote, ndipo aliponiambia. Miaka miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, Nairobi. Presha ilikuwa imemlemea, sukari nayo inapanda, magoti yamekataa ngazi. Hospitali alilala siku chache tu. Kujifunza kula upya kumemchukua miezi na miezi, na anasema bado hajahitimu. Kinachomtoa nyumbani kila baada ya miezi kadhaa, kuvuka Mto Athi hadi Kitui, ni mama mmoja mtaalamu wa lishe ambaye wagonjwa wake hawamwiti daktari. Wanamwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

Kikombe kile kilinikaa kichwani wiki nzima. Nikaenda Kitui.

Mwaitu amepita miaka hamsini, ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na aliniomba jina lake halisi nisiliandike. Juu ya meza yake kulikuwa na visahani viwili. Kimoja kilikuwa na isyo, kile ambacho Wakenya wengine wanakiita githeri. Cha pili kilikuwa na muthokoi. Kabla sijafungua daftari alinisukumia cha kwanza.

"Chukua punje moja ya mahindi. Tafuna mpaka uone umemaliza. Usimeze. Tema hapa."

Nilitii, nikatema kwenye kiganja. Kulikuwa na kijiganda cheupe, kigumu kama ukucha wa mtoto, kizima kabisa. Nilikuwa nimetafuna zaidi ya dakika moja na meno yangu yote ninayo. Akaniambia nifanye vivyo hivyo na punje ya muthokoi. Sikuwa na cha kutema.

"Basi umeelewa somo la miezi mitatu," akasema.

Somo lenyewe ni hili. Katika upasuaji aliofanyiwa yule mama wa Makueni, daktari hutenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa tumbo na kuiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Tumbo lililobaki haliondolewi, ila chakula hakipiti tena humo. Kile kijimfuko kipya hubeba takriban mililita 30 mwanzoni. Kikombe cha dawa, ukikijaza mpaka mstari wa juu, ni hicho hicho. Yule mama hakuwa na mzaha wala maringo. Alikuwa anaendelea kula kwa kipimo hicho. Kuna upasuaji wa aina ya pili, ambao huondoa kabisa robo tatu au zaidi ya tumbo na kuacha mrija mwembamba kama ndizi. Hao nao huja kwa Mwaitu, na masharti yao yanafanana kwa sehemu kubwa.

Kijimfuko hicho hakina nguvu ya kusaga wala nafasi ya kusubiri. Kinachofika kigumu hukaa mlangoni. Mwenye tumbo husikia jiwe kifuani, mate yanamjaa kinywani kama povu, kisha anatapika. Ganda la mahindi ni adui wa namna hiyo. Na hapa ndipo Mwaitu anapochangamka, maana anaamini bibi zetu waliliona tatizo mapema. Walitia mahindi kwenye kinu, wakanyunyiza maji kidogo, wakatwanga mpaka ganda likabanduka, wakapepeta, wakaanika, wakapata muthokoi. Kazi hiyo huwavunja wanawake migongo hadi leo, isipokuwa penye mashine. Lakini ndiyo inayomwezesha mtu wa kijimfuko kula chakula cha kwao mbele ya watu.

Si mapema, hata hivyo. Wiki mbili za kwanza ni vyakula vya maji tu: maziwa yasiyo na mafuta mengi, uji mwembamba usio na sukari, mchuzi wa ndengu uliochujwa. Halafu vilivyopondwa: ndengu iliyochemshwa mpaka ikasahau umbo lake, yai lililoiva laini, maziwa lala. Baadaye samaki asiye na mifupa, nyama ya kusaga. Vyakula vya kawaida hurudi taratibu baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili. Muthokoi kwa Mwaitu unakuja mwezi wa tatu, umechemshwa mpaka mbaazi zinapasuka, umepondwa kwa mwiko. Na uwiano umegeuzwa: mbaazi nyingi, mahindi ya kuhesabu. Isyo anasema wasubiri, na wengine wasubiri milele. Ugali nao humtia wasiwasi, kwa kuwa ukitafunwa kidogo hufanya tonge la gundi, na chapati laini ni ndugu yake. Nyama choma ya mbuzi mzee hataki hata kuizungumzia.

Alinionyesha karatasi ya maagizo ambayo mgonjwa mmoja aliletewa kutoka mjini. Imeandikwa kwa Kiingereza kizuri. Ina brokoli, ina samaki wa salmoni, ina unga wa protini wa kopo. Mwaitu ameichora kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la nne. Penye brokoli ameandika kunde, majani machanga. Penye salmoni, samaki wa kawaida wa sokoni. Penye unga wa kopo ameandika ndengu, mayai, maziwa, na pembeni akaongeza maneno yaliyonichekesha: "Kuku wa nyumbani si wa Krismasi tu." Mgonjwa anatakiwa kupata gramu 60 za protini au zaidi kila siku, katika tumbo lililoshiba kwa vijiko vichache. Ndiyo maana protini hutangulia, mboga hufuata, na wanga hula mabaki ya nafasi. Kitui na Makueni hulima ndengu na mbaazi kwa wingi. Iweje mtu auze gunia la ndengu ili anunue kopo la unga? Mwaitu aliliuliza swali hilo mara mbili na mara zote mbili akalitazama dirisha.

Kisha maji. Nilikuwa sijayafikiria kabisa. Aliyefanyiwa upasuaji huu hawezi kugugumia. Hunywa funda dogo, anasubiri, anakunywa jingine, siku nzima. Na wakati wa kula hanywi. Baada ya kula anangoja nusu saa ndipo aguse chupa, ili kioevu kisijaze nafasi ya chakula wala kukisukuma haraka. Sasa mweke mtu huyo Mutomo, huko Kitui, mwezi wa Februari, jua la saa nane, ametoka kisimani na mtungi. Mwili mzima unadai nusu lita kwa mkupuo, na ile nusu lita haina pa kuingia. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu za kawaida zinazowarudisha watu hawa hospitali katika wiki za mwanzo, na hiyo ni hata katika nchi zenye baridi. Mwaitu huwaambia waanze kunywa kabla jua halijachomoza, kikombe cha dawa kila baada ya dakika chache, kama kazi ya kulipwa.

Na asali. Huwezi kuzungumza na Mkamba kuhusu chakula usifike kwenye asali. Mgonjwa mmoja wa Mwaitu, mwanamume ambaye ukoo wake umetundika mizinga tangu zamani, alijizuia miezi minne. Siku moja akatia vijiko vitatu kwenye chai. Baada ya robo saa moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likamkata, akajilaza chini ya mwembe akiamini amerogwa. Hakurogwa. Sukari nyingi ilipita kijimfuko bila kizuizi na kumwagika ndani ya utumbo mwembamba kwa ghafla, utumbo ukavuta maji kutoka mwilini kuizimua. Kuna wengine hupatwa baada ya saa moja hadi tatu: sukari ya damu hupanda kwa kasi, insulini huifukuza kupita kiasi, na mtu anatetemeka kama mwenye homa. Juisi ya maembe inaweza kuleta hayo hayo, na Makueni msimu wa maembe hakuna pa kujificha. Embe lenyewe, kipande kidogo baada ya chakula, Mwaitu hulivumilia. Kaluvu, pombe ya kienyeji, haina mjadala. Pombe kwenye tumbo hili hufika kwenye damu upesi na kwa nguvu, na aliyekuwa akilewa kwa vibuyu hulewa kwa kikombe.

Nilimuuliza kama hawa watu hawasikii njaa. Alicheka. Katika miezi ya mwanzo wengi hawaisikii, kwa kuwa homoni zinazoita njaa huvurugwa na upasuaji. Wengine hukumbushwa kula kwa saa ya simu. Baadaye njaa hurudi. Uzito mwingi hupungua katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu wa kwanza, na kuanzia hapo mwili unajua hila. Tumbo dogo hulizuia fungu la nyama, lakini haliizuii chai ya maziwa yenye sukari, wala biskuti inayoyeyuka, moja kila nusu saa. Watu wamerudi kwa Mwaitu wakiwa wameongezeka kilo nyingi bila hata siku moja ya kula sahani iliyojaa.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi ya chakula. Yule mama wa Makueni alipunguza nguo zake kwa fundi mara tatu. Mwezi wa nne nywele zikaanza kunyonyoka, jambo la kawaida kwa mwili uliopungua ghafla, na kwa kawaida huota tena. Lakini kijijini mtu akikonda hivyo haraka, watu hawaulizi, wanajua. Walimpa Ukimwi. Kisha wakampa kansa. Kanisani walimwombea kwa jina. Yeye alinyamaza, kwa sababu kusema ukweli kulikuwa kugumu zaidi: kwamba ametumia fedha, na mkopo wa chama juu yake, kuzuia chakula kisiingie, katika nyanda ambako mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 na watu walipanga foleni ya mahindi ya msaada. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta asilimia 46 ya watoto wa Kitui walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti kama huo wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Nyumba moja inaweza kuwa na wote wawili. Mwaitu amewaona, mama na mtoto, benchi moja. Nilimuuliza anawaambia nini. Alisema huanza na mtoto.

Anachokihofia zaidi hakionekani. Chakula kikishaikwepa sehemu kubwa ya tumbo, mwili hauwezi tena kuchota vizuri vitamini B12, madini ya chuma, wala kalisi. Vidonge ni vya maisha. Kalisi na chuma havimezwi pamoja, hutenganishwa kwa saa mbili hivi, na chai ya rangi baada ya chakula huzuia chuma vilevile. Akiba ya B12 iliyo kwenye ini huweza kumbeba mtu miaka miwili au zaidi, kwa hiyo anajiona mzima, anaacha vidonge, kisha miguu inaanza ganzi. Ganzi hiyo huweza kukaa. Maumivu ya mgongo nayo yana mtego wake: diklofenaki ya dukani, ambayo kila mtu anaimeza, inaweza kuchimba kidonda pale kijimfuko kilipounganishwa na utumbo. Wanawake huambiwa wasibebe mimba kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na hapo waume huja ofisini kubishana.

Ni nani humlipia mtu vidonge mwaka wa kumi? Ni nani atampima damu mama wa Kathonzweni, Mwaitu akistaafu? Daktari aliyekata yuko Nairobi, ana foleni. Mwaitu ana daftari lenye majina, kalamu nyekundu na visahani viwili. Nilipomuuliza nani atalirithi daftari, alinijibu kwa kunipa mbaazi za kupeleka nyumbani.

Nilirudi Kathonzweni kumwona yule mama. Alinikaribisha chakula na tukala pamoja, mimi kwa sahani, yeye kwa kikombe. Anataka niwaambie jambo moja nyinyi mnaopika kwenye sherehe. Mtu akila vijiko vinne akasema ameshiba, ameshiba. Msimwongeze. Mfungieni kilichobaki aondoke nacho, na maji yake mwekeeni kando, atayanywa baada ya nusu saa.