Kamba ya angani na gesi ya Bonde la Rukwa

Mtoto anayewinga ndege kwenye shamba la ulezi Ufipa anajua kombeo lilivyo: ukilizungusha, jiwe huelemea ngozi iliyolibeba na kamba hukaza. Uvutano wa kutengeneza angani ni kombeo hilohilo. Vyombo viwili vikifungwa kamba na kuzungushwa, aliye ndani atakanyaga sakafu badala ya kuelea.

Wahandisi wanavutwa na hesabu. Kwa mizunguko 2 kwa dakika, kupata uzito kamili wa duniani kunahitaji mita kama 224 kutoka katikati. Uzito wa Mirihi, mita 85 tu. Gurudumu la chuma la ukubwa huo nani atalilipia? Kamba inakunjwa, inapakiwa, inarushwa. Na hitaji lipo: mwanaanga anayeelea hupoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito wa mfupa wa nyonga kwa mwezi, na kila siku saa 2 hivi zinakwisha kwenye mazoezi, nazo ni saa za bei ya angani.

Mbona basi kamba hiyo haiuzwi? Rekodi yake inatisha wenye mitaji. Septemba 1966 Gemini 11 ya Marekani ilifungwa kwa kamba ya mita 30 na chombo cha Agena, vikazunguka. Uvutano ulipatikana, ila kidogo mno hata wanaanga hawakuuhisi. Shirika la anga la Italia, lilelile lenye kituo Malindi, lilishirikiana na NASA kujaribu kamba ya kuzalisha umeme. Mwaka 1992 ilikwama kwenye mita zipatazo 260. Mwaka 1996 ilikatika ikikaribia kilomita 20, satelaiti ikaenda zake.

Sumbawanga wakiuliza fungu lao katika biashara ya anga, nitawaelekeza chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Roketi nyingi, ziwe na kamba au zisiwe nayo, hutumia heliamu kutia shinikizo kwenye matangi ya mafuta. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa Bonde la Rukwa huenda lina futi za ujazo bilioni 54 za gesi hiyo, na mwaka 2024 kisima cha kampuni ya Helium One huko Itumbula kiliitoa hadi juu. Sheria ya madini inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia. Itumbula, hata hivyo, iko Momba, mkoani Songwe: Rukwa imetoa jina, ushuru wa huduma utakusanywa na halmashauri ya jirani.