Fokker na anga la Tabora

Historia ya Tabora imezoea kusimuliwa kwa miguu na kwa reli. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba, zaidi ya miezi minne njiani. Reli kutoka Dar es Salaam iliingia mjini 1912. Sura ya angani huachwa, na hiyo ni hasara, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha jinsi heshima ya mji wa bara inavyotegemea umbo la chombo kinachoufikia. Kwa Tabora chombo hicho kilikuwa Fokker F27 Friendship ya Uholanzi. Iliruka mara ya kwanza Novemba 1955, ikatumiwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, na shirika hilo lilipovunjika 1977, Shirika la Ndege Tanzania likaendelea kuirusha katika safari za ndani.

Fokker waliiunda ndege hii kuwa mrithi wa ndege ya DC-3, na kila walichoamua kiliifaa nchi yetu. Bawa lilikaa juu ya kiwiliwili, hivyo pangaboi zikawa mbali na mawe ya viwanja vya changarawe. Tabora iko takriban mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa joto hewa yake huwa nyepesi, ndege ikahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Pangaboi zinazozungushwa na injini za Dart huvuta kwa nguvu tangu mwendo ukiwa mdogo. Viti arobaini na kitu navyo vilikuwa kadiri ya haja. Ndege ya kiasi hicho ingeweza kushusha na kupakia Tabora kisha ikaendelea Kigoma, kama misafara ilivyotua Unyanyembe, eneo la Tabora, kabla ya kugawanyika, wengine Ujiji, wengine Karagwe.

Wapo watakaosema ndege hiyo ilikuwa ya wakubwa, na mwananchi alibaki kwenye behewa la daraja la tatu. Ni kweli, na reli ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Lakini mji ulio takriban kilomita 730 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya anga hubadilika pale daktari bingwa au hakimu anapoweza kufika kwa saa mbili hivi, hata kama wengi hawapandi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba enzi ya pangaboi imepita, na jeti ndiyo maendeleo. Mwanza, yenye abiria wengi, hoja hiyo inasimama. Tabora haisimami. Fokker yenyewe ilifilisika 1996, lakini ATCL, yaani Shirika la Ndege Tanzania, ilipofufuliwa 2016 ilianza na ndege mbili za Q400 kutoka Kanada, na ndizo zilizoirudisha Tabora kwenye ratiba. Zina bawa la juu na pangaboi mbili.